Themosi Iliyorudi Imejaa

Dada yangu Luo Miaochan hajawahi kuniambia neno zuri, na mimi nina miaka hamsini na mmoja. Siku niliyozaliwa, kwa maneno yake mwenyewe, alinitazama mara moja akamwambia mama, "Huyu mrudishe, ameiva kupita kiasi." Alikuwa na miaka minane. Tangu hapo ameniita kichwa cha mumunye, bata mgonjwa, jiwe la chooni, na majina mengine yanayomtukana mama yangu, ambaye ni mama yake pia, jambo ambalo hajawahi kuligundua. Lakini sijalala njaa hata siku moja.

Mtaani kwetu Daliang kila mtu anamwita Dada Chan, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu za usalama. Ni mwanamke mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti ya kuita feri iliyokwisha kuondoka. Ukimkuta sokoni anachagua samaki utafikiri anahoji mwizi. Humshika samaki mashavu, humfunua mdomo, humwuliza muuzaji, "Huyu kafa kwa ugonjwa gani?" Muuzaji huapa kwamba samaki bado anacheza. Dada humwambia, "Anacheza kwa aibu ya bei yako."

Baba alikufa mapema kwa ugonjwa wa mapafu, mama akamfuata nikiwa na umri wa miaka kumi. Dada alikuwa na kumi na minane na alifanya kazi kiwanda cha hariri. Kutwa alisimama mbele ya beseni la maji ya moto, akitafuta ncha za nyuzi kwenye vifukofuko vya viwavi wa hariri, na vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya mtu aliyezama. Hariri ikishavutwa yote, ndani hubaki kibuu, na wafanyakazi waliruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Dada alivikaanga kwa vitunguu majani mpaka vikalia kama njugu. Nilikula vibuu hivyo miaka minne, na kuna asubuhi nilizokuwa nikijipapasa mgongoni kuona kama mabawa yameanza.

Nilimaliza darasa la sita nikakataa kuendelea. Haikuwa kwa ujinga, ingawa Dada ana maoni yake. Nilikuwa na haya mno. Nikibanwa na haja sikuweza kunyoosha mkono kumwomba mwalimu ruhusa, na jambo hilo likiachwa lina mwisho mmoja tu. Nilipomwambia Dada sirudi shule, alinifukuza na ufagio wa manyoya ya kuku, tukalizunguka bwawa la samaki la jirani mara mbili, wanamtaa wakishangilia. Mimi nilikuwa mbele. Nikajificha chini ya miforosadi. Nilipotoka nilikuta mezani bakuli la yai la mvuke, laini kama shavu la mtoto, na matone matatu ya sosi ya soya juu yake.

"Kula, mjinga wewe," alisema bila kunitazama. "Mjinga mwenye njaa ni hasara mbili."

Huko ndiko kuomba msamaha kwake. Hajawahi kuwa na kwingine.

Najua kuna hadithi wanayosimuliwa watoto wote wa kwetu, ya mama anayesema anapenda kichwa cha samaki ili watoto wapate minofu, na watoto wakikua wakagundua uongo huo wanalia. Nataka niseme wazi kwamba sisi haikutuhusu. Dada yangu anapenda kichwa cha samaki kwelikweli. Hula mashavu, macho, midomo na kile kitu laini nyuma ya taya, hunyonya mifupa mpaka inang'aa, na ukipeleka vijiti vyako vya kulia karibu na hicho kichwa utarudi na kidole pungufu. Mimi nilipewa minofu kwa sababu haikumvutia.

Aliolewa akiwa na thelathini, na bwana mmoja dereva wa lori la mchanga aitwaye Biao. Mtu wa kimya. Alipokuja kuposa, Dada alimwonyesha mimi kwa kidole nikiwa nimekaa pembeni, kijana wa miaka ishirini na mbili nisiyeweza hata kumsalimia. Akasema, "Huyu ni sehemu ya vyombo. Ukichukua sufuria unachukua na huyu." Shemeji Biao alinitazama, akauliza kama nakula sana. Dada akasema nakula kama moto. Shemeji akakubali. Nilipata kumwuliza baadaye, tukiwa wawili tu, kwa nini hamsifii mkewe kwa chakula.

"Nilimsifu mara moja," akasema. "Siku ya kwanza. Nilisema, chakula kitamu. Akanuna wiki nzima. Akaniambia, kwani ulitegemea kibaya? Sifa wanapewa wapishi wa hotelini, kwa kuwa hutawaona tena."

Nilipofika miaka ishirini na sita nilifungua duka langu dogo la kutengeneza feni na sufuria za umeme za kupikia wali, ng'ambo ya mfereji, nikahamia chumba cha nyuma. Hapo ndipo ilipoanza themosi. Ni themosi ya chuma, yenye mdomo mpana, imebonyea upande mmoja kwa sababu Dada aliwahi kumpiga nayo mbwa, au mbwa aliwahi kugongana nayo, inategemea unamwuliza nani. Kila siku saa tano na nusu aliileta, kwanza kwa baiskeli, siku hizi kwa pikipiki ya umeme ambayo huiendesha kama anaikomoa. Kiangazi ilikuwa supu ya mumunye, vuli ni mizizi ya yungiyungi na mbavu, na mara nyingi, kwa kuwa ndiyo niipendayo, supu ya mkia wa samaki na papai. Hushuka, huitua mezani kati ya bisibisi zangu, hunitazama.

"Umekonda kama waya."

Kesho yake: "Umevimba. Unakula nini kingine?"

Jioni niliirudisha tupu. Miaka ishirini na tano, tupu. Mara nyingi bila kuiosha, na Dada huifungua, huinusa, hunitukana, huiosha. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile hufikirii unavyopumua.

Sasa, Lanfeng.

Wei Lanfeng alitoka Guangxi, jimbo la jirani, mjane wa miaka arobaini na minne, na alikuwa na meza ya tofu pale sokoni. Alikuja dukani na sufuria ya umeme iliyokataa kuwaka. Nilitengeneza waya wake nikiwa nimeinamisha kichwa muda wote, na nikagundua kwamba akiondoka sina njia ya kumwona tena isipokuwa kununua tofu, na kununua tofu kunataka mtu aseme ni ngapi. Basi nikaacha skrubu moja imelegea. Baada ya siku nne akarudi. Nikaikaza, nikailegeza ya pili. Sijivunii, lakini nasema ukweli. Alirudi mara tano. Mara ya sita aliiweka sufuria mezani, akaniambia, "Fundi, hii nimeikaza mwenyewe jana, inafanya kazi vizuri. Nimeileta tu uione." Masikio yangu yaliwaka. Akavuta kigoda akaketi.

Mwaka mmoja baadaye tulipanga harusi. Si harusi kubwa, meza mbili tu. Lakini nilitaka kitu kimoja, na sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Kwetu siku hiyo bwana na bibi harusi hupiga magoti na kuwapa wazazi chai. Wazazi sina. Nilitaka Dada akae kwenye kiti cha mama, apokee kikombe kutoka kwangu na kwa Lanfeng, akinywe. Asipokinywa, basi kwangu mimi hakuna harusi, ni watu wamekula tu.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Nilimpeleka Lanfeng nyumbani kwa Dada. Dada alimzunguka kama anavyomzunguka samaki.

"Mikono mikubwa hii. Ulikuwa unavuta nyati?"

"Nabeba tofu, Dada."

"Na kwenu huko mnakula nini?"

"Machipukizi ya mianzi tuliyoyachachusha, Dada."

"Ndiyo harufu ninayoisikia?"

"Hapana, Dada. Hiyo ni ya huyu."

Alinionyesha mimi. Dada akapaliwa na mate, akageukia ukutani. Shemeji Biao akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa furaha. Tulipoondoka Dada alimtupia Lanfeng ile themosi kifuani. Imejaa mpaka juu, supu ya watu wawili. "Chukua. Uso umekuwa wa kijani kama mboga zenu. Watu watasema tunakuua."

Nilitembea mpaka nyumbani nikielea. Alikuwa amemtukana mara nne! Wengine wameishi mtaa mmoja na Dada miaka ishirini hawajatukanwa hata mara moja.

Na hapo ndipo mimi, Luo Zhaogen, nilipofanya kosa langu, na lilikuwa lile lile la darasa la sita. Sikunyoosha mkono.

Asubuhi ya pili yake Lanfeng aliamka mapema. Aliisugua ile themosi kwa chumvi mpaka ikang'aa, hata pale ilipobonyea. Kisha akapika kitu bora anachokijua duniani, tofu zilizotobolewa katikati zikajazwa nyama na vitunguu, zikakaangwa upande mmoja. Akazipanga ndani ya themosi, kumi na mbili, akafunga kifuniko, akaifunga kwa kitambaa safi.

"Mpelekee Dada," akasema. "Nimwonyeshe kwamba nami nimelelewa."

Jirani akikuletea bakuli la maandazi, huwezi kulirudisha tupu. Unatia hata machungwa mawili. Bakuli tupu ni dharau, na hiyo ni kwao Lanfeng na ni kwetu. Lakini nyumbani mambo hugeuka. Mtu hamrudishii mama yake sufuria ikiwa na machungwa ndani. Ukifanya hivyo umemwambia: tumelipana, kila mtu na mlango wake. Lanfeng alikuwa na adabu ya mgeni kwa sababu hakuna aliyemwambia ameacha kuwa mgeni. Mimi nilijua. Niliishika ile themosi, nikausikia uzito wake mkononi, nikajua kabisa, nikasema moyoni, haya ni mambo ya wanawake, watajuana wenyewe. Nikapanda baiskeli.

Dada aliifungua mbele yangu. Alizitazama tofu kumi na mbili.

"Lo," akasema. "Asante sana."

Sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

"Mwambie Bi Wei amejisumbua. Zinapendeza. Ni mpishi hodari."

"Dada..."

"Kaa, kaa. Utakunywa chai?" Akaniletea kikombe. Kwa mikono miwili! Kisha akainama, akanitolea kandambili za wageni. Mimi, ambaye nguo zangu za utotoni bado ziko kwenye kabati lake kwa sababu anakataa kuzitupa. Nilizivaa. Zilikuwa ndogo.

Kesho saa tano na nusu haikuja themosi. Lilikuja boksi la biskuti za dukani, lenye utepe mwekundu, aliyelileta ni mtu wa kusambaza vifurushi. Dada yangu, ambaye huamini biskuti za dukani zinatengenezwa kwa vumbi la mbao. Nililiweka mezani nikalitazama kama barua ya msiba.

Nikampigia simu. "Dada, kuhusu siku ya chai, kile kiti cha mama..."

"Nitajitahidi kufika kama nafasi itaruhusu," akasema. "Lakini ni vizuri mtafute mtu wa ukoo. Sisi majirani tutakaa meza ya nyuma."

Zilibaki siku kumi na moja kabla ya harusi.

Siku ya tano bila themosi, Shemeji Biao alikuja dukani na feni. Niliiwasha, ikazunguka vizuri. Aliketi, akawasha sigara, akaizima.

"Agen," akasema, kwa jina langu la nyumbani, "ninaogopa."

"Nini, shemeji?"

"Ananiuliza kama chakula kimetosha. Jana kaniita mume wangu. Nimekaa naye miaka ishirini na tisa, jina langu nyumbani ni Wewe." Akatikisa kichwa. "Na kile chakula chenyewe... Basi tu. Fanya kitu."

"Nifanye nini?"

"Sema."

"Sema wewe, shemeji."

Tukatazamana, wanaume wawili ambao kwa pamoja hatufikishi sentensi kumi kwa siku. Akachukua feni yake akaenda.

Nilijaribu. Nataka ijulikane nilijaribu. Nilikwenda kwa Dada nikiwa nimekariri maneno njia nzima. Nikavaa zile kandambili. Nikanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kila nilipofungua mdomo Dada alisema, "Karibu, ongeza." Mwishowe nilibanwa na haja, nikaona haya kuomba choo katika nyumba niliyoishi miaka minne, nikaaga. Darasa la sita halijawahi kuniacha.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia Lanfeng. Alikuwa akikata tofu, na kisu kilisimama katikati.

"Kwa hiyo ile zawadi yangu ni kama nimemfungia mlango."

"Kidogo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Akakiweka kisu chini. "Agen, siku moja nyumba itaungua, na wewe utaona haya kuita watu, utawaka moto kwa heshima." Kisha nikaona macho yake yamelowa, jambo lililonitisha kuliko kisu. "Mama yangu alinifundisha usirudishe chombo kitupu," akasema. "Alinifundisha niwe mtu mwema kwa watu. Hakunifundisha kwa ndugu, kwa sababu kwa ndugu hufundishwi."

Alitaka kumrudishia Dada themosi tupu, lakini themosi ilikuwa kwa Dada. Huwezi kurudisha tupu kitu ambacho hukupewa. Nilidhani hapo ndipo mwisho.

Siku iliyofuata, saa tano, Lanfeng alifunika meza yake ya tofu mapema, akaja dukani na aproni yake ikiwa bado imelowa.

"Twende."

"Wapi?"

"Nina njaa."

Tulimkuta Dada jikoni, chungu kikitokota. Alipotuona aliikunjua ile sura yake mpya ya adabu. "Bi Wei! Karibu. Tafadhali kaeni sebuleni, niwaletee chai."

Lanfeng hakukaa sebuleni. Alipita pembeni yake, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua chungu.

Lazima nieleze kidogo. Mtaani kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimgonga na baiskeli. Anaweza kukusamehe ukimkosea jina mwanawe. Lakini kufunua chungu cha mwanamke jikoni kwake bila kuambiwa, hilo halifanywi na mgeni, halifanywi na jirani, halifanywi na askari mwenye kibali. Nilishika mwimo wa mlango. Shemeji Biao, aliyekuwa akisoma gazeti, alilishusha taratibu sana.

Lanfeng alichukua upawa, akachota, akapuliza, akaonja.

"Dada," akasema, "hii supu haina chumvi."

"Bi Wei," Dada alianza, na sauti yake ilitetemeka kwenye pindo za adabu, "pengine kwenu mnapenda..."

"Bakuli ziko wapi? Ah, hapa." Lanfeng alifungua kabati, akachukua bakuli, akajijazia, akavuta kigoda cha jikoni, akaketi miguu imepanuka kama mwenye nyumba. "Nimebeba tofu tangu alfajiri, tumbo limeshikana na mgongo. Papai limeiva vizuri. Samaki je, Dada, huwa mnamkaanga kwanza, au mnamtumbukiza tu mbichi?"

Nilimwona Dada akivimba. Ilianzia shingoni.

"Mbichi?" akasema. Kisha, kwa ile sauti ya kuitia feri: "MBICHI? Mimi? Wewe mla mianzi iliyooza, wewe uliyekulia kwenye matope unanusa soksi ukisema ni mboga, unaingia jikoni kwangu na hayo makasia yako unayoyaita mikono, unaniuliza MIMI kama namkaanga samaki? Nilikuwa nakaanga mikia ya samaki wewe hujui kupenga kamasi! Tangawizi kwanza! Kisha samaki, pande zote mbili, mpaka awe na rangi ya sarafu! Kisha maji ya moto, ya MOTO, si ya baridi, ndiyo maana supu ni nyeupe kama maziwa, au macho nayo yameoza? Na wewe, kichwa cha mumunye, unasimama hapo mlangoni kama koti limetundikwa, vua hizo kandambili, nani amekupa kandambili za wageni, unazipanua!"

Iliendelea kwa muda wa kupika wali. Shemeji Biao alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza muziki wa ujana wake. Mimi nilivua kandambili. Kamasi zilinitoka, na si kwa tangawizi.

Lanfeng alikuwa akila tu. "Lakini chumvi haina," akasema, alipopata nafasi.

"Haina chumvi! Nitakuonyesha chumvi!" Dada alimnyang'anya upawa, akachota, akaonja.

Upawa ukagandia mdomoni.

Akaonja tena. Akautazama ule upawa, kisha akamtazama mumewe.

"Haina," akasema polepole.

"Siku nane," akasema Shemeji Biao kutoka nyuma ya gazeti. "Siku nane haina. Nani angesema?"

Dada alijiegemeza kwenye jiko. Mwanamke huyu ameweka chumvi kwenye chakula chetu kwa miaka arobaini na moja bila kijiko wala kipimo, kwa vidole vilevile vilivyoungua kwenye maji ya hariri, na hakuwahi kukosea hata siku mama alipozikwa. Alifuta uso kwa aproni, akasema ni mvuke. Tulikubali kwamba ni mvuke.

Kisha akalisukuma kopo la chumvi mbele ya Lanfeng, kwa kiwiko.

"Tia wewe. Kidogo! Mikono hiyo mikubwa isituue."

Lanfeng alitia. Dada akaonja, akakunja uso, akasema, "Inalika," neno ambalo halikuwa limetoka nyumba ile tangu nyumba ijengwe. Akaishusha themosi kutoka juu ya kabati, akaijaza mpaka ikafurika, akaigonga kifuniko kwa ngumi.

Siku iliyofuata, jioni, nilipotaka kuiosha, Lanfeng alinipiga mkono. "Iache hivyo hivyo."

"Ina mafuta."

"Iache."

Niliipeleka chafu. Dada aliifungua, akaingiza pua, akaingiza na jicho.

"Hata kuosha hamkuosha! Na mbegu ya papai hii imeganda chini! Mchafu yule mwanamke, mchafu kuliko wewe, mmekutana uchafu na uchafu!" Alikuwa akiisugua tayari, na alikuwa akiimba, wimbo wa kiwandani wa zamani, nao hana sauti ya kuimba, mbwa wa jirani akaanza kumjibu.

Siku ya harusi alikaa kwenye kiti cha mama. Alivaa blauzi nyekundu iliyombana kwapani na alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Tulipiga magoti juu ya mito, nikampa kikombe. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku hiyo nitasema kitu. Nilifungua mdomo.

"Dada," nikasema. "Kunywa."

Ndiyo yote yaliyotoka. Akapokea, akanywa mpaka tone la mwisho. Akapokea cha Lanfeng, nacho akakimaliza.

"Chai gani hii?" akasema. "Maji ya kuogeshea bata. Inuka, magoti yako hayana nyama, utavunjika."

Mezani alikuja samaki wa mvuke, mkubwa, kichwa kikimwelekea Dada kama inavyopaswa. Wote tulirudisha vijiti nyuma, kwa desturi na kwa uzoefu. Dada alichomoa shavu la kwanza, akalila. Kisha akachomoa shavu la pili, pande nene laini lenye umbo la sarafu, akalishikilia hewani kidogo, akilitazama kwa uchungu wa kweli. Akalitupa kwenye bakuli la Lanfeng.

"Kula. Usinitazame. Umekonda, utapeperuka."

Nilisogeza bakuli langu karibu, kwa matumaini. Akanipa mkia.